Times Square chini ya lami: stesheni moja, wachimbaji watatu

Watu wengi wanaohamia New York huiogopa stesheni ya Times Square–42nd Street kuliko hata ule mtaa wenye taa ulio juu yake, na siwalaumu. Unashuka ngazi, unakata kona, unapanda ngazi nyingine, unateremka mteremko mrefu, kisha unajikuta mahali ambapo ungeapa umetoka dakika tano zilizopita. Mimi hapo ndipo njia yangu ya kazini. Natoka Queens na treni namba 7, nabadilisha na kuingia namba 1, nateremkia 86th Street kwa mzee ninayemhudumia. Nimeshapita pale alfajiri, mchana, na usiku wa manane nikiwa nimechoka mpaka macho yanauma.

Na kila mgeni ninayempokea namwambia jambo lile lile: hiyo si stesheni moja. Ni stesheni kadhaa, zilizochimbwa na watu wasioiva chungu kimoja, zikaja kutobolewa kuta baadaye ili abiria wapite. Ukijua nani alichimba nini, hupotei tena.

Tuanze na wa kwanza. Njia ya awali ya treni za chini ya ardhi New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, ikiendeshwa na kampuni ya IRT ya tajiri August Belmont. Ilianzia City Hall kusini, ikapanda upande wa mashariki mpaka Grand Central, hapo ikakunja kushoto na kufuata 42nd Street hadi Times Square, ikakunja tena kulia na kupanda na Broadway mpaka 145th Street. Nauli senti 5. Meya wa wakati huo, George McClellan, alipewa usukani wa treni ya ufunguzi kwa heshima tu, apige picha ampishe mwenyewe. Yeye akanogewa, akaendelea kuiendesha huku wakubwa wa kampuni roho mkononi.

Stesheni ya Times Square ya siku ile ilikuwa ndogo. Reli nne, jukwaa moja kila upande, na treni za haraka zilikuwa hazisimami. Zilipita katikati zikielekea Grand Central au kaskazini. Hata jina lilikuwa jipya. Mpaka Aprili 1904 pale paliitwa Longacre Square, mtaa wa wauza farasi na magari ya kukokotwa. Mwenye gazeti la New York Times, Adolph Ochs, alikuwa anajenga jengo lake refu pale pale kwenye pembe, na jina likabadilishwa kufuata gazeti. Jengo na stesheni vilijengwa kwa wakati mmoja, vimeshikana: nguzo za jengo zinateremka kupitia kwenye stesheni, na mitambo ya kuchapia gazeti iliwekwa chini zaidi ya reli. Yaani kulikuwa na wakati treni zinapita juu ya vichwa vya wapiga chapa.

Hiyo stesheni ya 1904 bado ipo. Ndiyo ile ya S, treni ya kwenda na kurudi kati ya Times Square na Grand Central. Utaitambua kwa jambo moja jepesi: iko karibu sana na barabara. Mhandisi mkuu, William Barclay Parsons, hakutaka handaki la kina kirefu linalohitaji lifti kama yalivyokuwa mengine ya London. Alitaka watu washuke ngazi chache tu wakute treni. Kwa hiyo barabara ilichimbwa kutoka juu, zikasimamishwa fremu za chuma, kisha ikafunikwa. Ukisimama karibu na dirisha la treni ya S inapoondoka, utaziona hizo nguzo zikikimbia moja baada ya nyingine, zimekaribiana kiasi cha mita moja na nusu tu. Zina vichwa vya ribiti vilivyopakwa rangi tabaka kwa tabaka hadi vimekuwa mviringo kama vifungo vya koti. Napenda kuzitazama. Chuma cha siku zile hakikufichwa.

Sasa kasheshe. Njia ile moja ilijaa haraka. Mwaka 1913 mji ukasaini mikataba miwili mikubwa ya kujenga njia mpya: mmoja na IRT, mwingine na kampuni ya Brooklyn iliyoitwa BRT, ambayo baadaye ikawa BMT. Kampuni hizi zilikuwa washindani, si ndugu. Na zote mbili zilitaka Times Square, maana majumba ya maonyesho na hoteli zilikuwa zimeshahamia huko.

BRT wakafika Januari 1918, wakiwa chini ya Broadway. Hiyo ndiyo stesheni ya N, Q, R na W leo. IRT nao walikuwa wanachimba njia mpya chini ya Seventh Avenue, stesheni ya 1, 2 na 3, iliyoanza kidogo kidogo mwaka 1917 na kukamilika Agosti 1918. Zote mbili zina reli nne na majukwaa mawili ya katikati, ya haraka upande mmoja na ya kawaida upande wa pili. Ukiwa na haraka unaruka kutoka treni moja kwenda nyingine kwenye jukwaa lile lile. Kwangu mimi huo ndio ustaarabu mkubwa kuliko wote wa mji huu, na sijui kwa nini miji mingine inaridhika na reli mbili.

Hapa pana kichekesho ambacho kinawachanganya hata wenyeji. Kule juu, Broadway na Seventh Avenue zinapishana karibu na 45th Street. Broadway inakuja mshazari, Seventh imenyooka. Chini, treni zinabadilishana barabara. Njia inayoitwa ya Broadway ikishapita Times Square kwenda kaskazini inaiacha Broadway na kuingia chini ya Seventh Avenue. Njia iliyotoka Seventh Avenue nayo inaingia chini ya Broadway, kwenye handaki la zamani la 1904. Kwa hiyo kituo cha 49th Street cha treni za herufi kiko Seventh Avenue, na kituo cha 50th Street cha treni ya 1 kiko Broadway. Wala usijaribu kulielewa ukiwa umesimama. Chora kwenye karatasi.

Ule ufunguzi wa Agosti 1918 ulikuwa balaa. IRT walikata njia yao ya zamani vipande vitatu: upande wa mashariki ukawa njia ya Lexington Avenue moja kwa moja, upande wa magharibi ukawa Seventh Avenue na Broadway moja kwa moja, na kile kipande cha katikati chini ya 42nd Street kikabaki kama mkono wa kuunganisha, umbo la herufi H. Abiria waliozoea kukaa kwenye treni moja tangu kusini hadi kaskazini wakaamka siku hiyo na kuambiwa wateremke, watembee, wapande nyingine. Ilipakwa mistari ukutani ya kuwaongoza. Haikusaidia. Watu walisongamana kwenye vijia vyembamba mpaka kipande cha katikati kikafungwa tarehe 3 Agosti, siku chache hata hazijatimia, na hakikufunguliwa tena mpaka tarehe 28 Septemba. Kipande hicho ndicho S. Kilizaliwa kama kiraka, na kimeishi zaidi ya miaka 100.

Wa mwisho kati ya hawa wa kampuni binafsi kuingia ni ile ninayoipanda mimi. Namba 7 ilifika Times Square tarehe 14 Machi 1927, ikitokea Queens kwa kupita chini ya mto East. Imelala chini ya 41st Street, kati ya Seventh na Eighth Avenue, na ndiyo iliyo chini kuliko zote kwa sababu ilikuta wenzake wameshachukua nafasi ya juu. Ina reli mbili tu na jukwaa moja. Joto la Julai kwenye jukwaa lile si la kusimuliwa. Hewa inasimama, breki zinanuka chuma, na kila mtu anatazama tundu la handaki kama vile kutazama kutaileta treni.

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea nilimpitisha njia hiyo. Ni mtu wa kusema anachokiona. Tulipanda ngazi kutoka kwenye 7, tukatembea, tukashuka.

"Mwanangu, mbona tunapanda ilhali treni iko chini?"

"Shangazi, ile tuliyotoka iko chini zaidi."

"Na hii tunayoshukia, ya nani?"

"Ya wale wale wa kwanza."

"Na wale wa katikati?"

"Wana mlango wao kule."

Akasimama katikati ya watu wote wale, saa za jioni, akaweka mkoba chini. "Kumbe mnaishi kwa shemeji." Nilicheka mpaka mtu mmoja mwenye gitaa akageuka kututazama. Lakini alikuwa amelielewa kuliko ramani inavyoeleza.

Kwa sababu hasa ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyetoka na treni ya IRT mwaka 1930 akitaka kupanda ya BMT pale pale Times Square, ilimbidi atoke nje ya geti, aende kwa mwenzake, alipe senti 5 nyingine. Ukuta kati yao ulikuwa ukuta wa biashara. Mji ukazinunua kampuni zote mbili mwezi Juni 1940, lakini hata hapo geti hazikuondolewa mara moja. Ni tarehe 1 Julai 1948, siku ile ile nauli ilipopanda kutoka senti 5 hadi senti 10, ndipo abiria waliporuhusiwa kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kulipa tena. Nauli ya senti 5 ilikaa miaka karibu 44, na mkataba uliokataza kuipandisha ndio uliozinyonga hizo kampuni baada ya vita vya kwanza vya dunia kupandisha bei ya kila kitu. Watu huisifu nauli hiyo. Mimi naona ndiyo iliyofanya stesheni zikaoza.

Alama ya ule ugomvi ungali nayo mkononi, kwenye jina la treni. Namba ni za IRT. Herufi ni za wengine wote, isipokuwa S ya hapa, ambayo ni mtoto wa IRT aliyepewa herufi. Na si jina tu. Handaki za IRT ni nyembamba, mabehewa yake yana upana wa mita 2.7 hivi, ya upande wa herufi yana kama mita 3. Treni ya N haiwezi kuingia kwenye handaki ya 2 hata ukiipaka mafuta. Ndiyo maana ukipanda namba 1 saa moja asubuhi magoti yako yanakutana na ya mwenzako aliyekaa mbele, na ukipanda Q unapata pa kunyooshea miguu.

Kuna mchimbaji wa tatu. Meya John Hylan, aliyeshika madaraka mwaka 1918, alikuwa na chuki na hizi kampuni. Aliwahi kuwa dereva wa treni Brooklyn na akafukuzwa. Akasukuma mji uchimbe njia zake wenyewe, bila Belmont wala mtu wa Brooklyn. Mtandao huo wa mji, IND, ulianza kazi tarehe 10 Septemba 1932 chini ya Eighth Avenue. Stesheni yake ya 42nd Street ndiyo ya A, C na E, ambapo baadaye, mwaka 1950, kilijengwa kituo kikuu cha mabasi cha Port Authority. Kijia kirefu chini ya 41st Street kinaunganisha upande huo na Times Square, ila hata baada ya 1948 kupita huko kulimaanisha kutoka getini na kulipa upya. Ruhusa ya bure ilikuja Desemba 1988. Miaka 56 ya watu kutembea kwenye kijia kimoja na kulipa pande zote mbili!

Chini ya jukwaa hilo la Eighth Avenue palikuwa na jukwaa jingine lililojengwa na kukaa bila kazi. Kuanzia 1959 hadi 1981 lilitumika kwa treni maalumu za kupeleka watu kwenye mbio za farasi Aqueduct, kisha likafungwa kabisa. Walipoirefusha namba 7 kwenda 34th Street–Hudson Yards, kazi iliyofunguliwa Septemba 2015, handaki jipya lilipita palepale na kulivunja. Kabla ya hapo treni yangu ilikuwa inaishia Times Square, na unaposhuka mwisho wa njia huna wasiwasi. Siku hizi ukisinzia unaamkia mto Hudson.

Si hadithi zote za pale ni za nauli. Tarehe 24 Agosti 1928, jioni watu wakitoka kazini, swichi mbovu ya reli ilikitenganisha kitako cha treni ya haraka ikiondoka Times Square kwenda kusini. Behewa likagonga ukuta na watu zaidi ya 15 wakafa. Sijaona kibao chochote pale cha kuwakumbuka. Na mwaka 1962 reli moja ya S ilipewa treni inayojiendesha yenyewe, ingawa dereva alibaki amekaa ndani kwa sababu chama cha wafanyakazi hakikukubali vinginevyo. Aprili 1964 moto uliwaka upande wa Grand Central ukaiteketeza, na mambo ya treni bila dereva yakaishia hapo.

S ya leo ni nyingine. Ya zamani ilikuwa na majukwaa yaliyopinda, maana pale ndipo reli zilipokuwa zinakunja kutoka 42nd Street kuingia Broadway, na penye pinda behewa haliwezi kulala sawa na ukingo. Palibaki pengo la kutisha, hasa ukiwa na kiti cha magurudumu au mtoto mkononi. Kulikuwa na reli tatu zilizobaki kati ya nne. Kwenye jukwaa moja kulikuwa na mlango uliofungwa, juu yake imechongwa KNICKERBOCKER, jina la hoteli iliyofunguliwa juu yake mwaka 1906. Wageni wa hoteli walikuwa wanatoka kwenye treni na kuingia kwao bila kuonja mvua. Matengenezo yaliyokamilika Septemba 2021 yaliondoa reli ya katikati, wakatengeneza jukwaa moja pana lililonyooka, likasogezwa mashariki mbali na ile pinda, na treni zikawa na mabehewa sita. Baadaye lifti ikawekwa. Wapenda mambo ya kale walinung'unika. Mimi nimesukuma kiti cha magurudumu cha mzee wangu kuingia S bila kumwita mtu anisaidie kunyanyua, kwa hiyo kwenye malalamiko hayo simo.

Sanaa ipo nyingi, na nyingine watu wanaipita bila kuinua macho. Roy Lichtenstein alitengeneza picha ndefu ya ukutani mwaka 1994, akafa 1997, ikatundikwa 2002; ndani yake kuna namba 42 iliyochukuliwa kwenye vigae vya stesheni yenyewe. Ninayoipenda zaidi ni ya Jacob Lawrence, ya vigae vidogo, iliyowekwa 2001 mwaka mmoja baada ya kufa kwake: watu wamekaa ndani ya treni, wanene, wembamba, mikono mikubwa ya watu wa kazi. Ukisogea karibu unaona kila uso umejengwa kwa vipande vya rangi tofauti kabisa, kijani kwenye shavu, zambarau kwenye paji, na ukirudi hatua tatu inakuwa ngozi.

Kwenye kile kijia cha 41st Street kuna maandishi kwenye mihimili ya dari, yaliyowekwa na Norman Colp mwaka 1991, neno hapa neno pale kadiri unavyotembea, yanahusu mtu aliyechelewa kuamka na kuchoka na kazi. Ukiyasoma saa kumi na mbili asubuhi unatamani kugeuka nyumbani. Sijui nani aliona ni jambo jema kuwasomesha wafanyakazi hayo kila siku, lakini lazima nikiri yanafupisha njia.

Basi, kwa anayekuja: kama unatoka kwenye mabasi Port Authority na mizigo, usiingie kijia hicho kwa sababu tu kibao kimekuonyesha. Kina mteremko, kina watu wanaotembea kama wanafukuzwa, na masanduku yenye magurudumu yanakimbia yenyewe. Hali ya hewa ikiwa nzuri, pita juu, 41st Street, ni mtaa mmoja tu, kisha ushuke Seventh Avenue kwa geti la namba 1, 2, 3. Lakini kama unataka 7, ingia huko huko Eighth Avenue na ufuate duara la zambarau. Itakuteremsha upande wa nyuma wa jukwaa, ambako asubuhi kuna nafasi ya kukaa. Upande wa Seventh Avenue huwa umejaa, na wanaojaa pale ni sisi tunaobadilisha kwenda kwenye 1.